Usaili wa polisi mpakani: Maswali yanayowakabili vijana wa Busia na Tororo

Kila inapotangazwa kwamba polisi wataajiri makurutu wapya, habari hiyo husafiri upesi katika miji ya mpakani. Huanzia redioni, hupita kwenye vijiwe vya bodaboda, hufika sokoni, na jioni yake vijana huwa wamekwisha kutoa vyeti vyao sandukuni. Busia ni mji mmoja wenye serikali mbili: upande wa magharibi ni Uganda, upande wa mashariki ni Kenya. Kaskazini yake, Malaba nayo imegawanyika vivyo hivyo, upande mmoja ukiwa Wilaya ya Tororo na upande wa pili Kaunti ya Busia. Wasamia na Wateso wanaishi pande zote mbili za mpaka, na si jambo la ajabu mabinamu wawili wa ukoo mmoja kutafuta kazi ileile ya ukonstebo katika vikosi viwili tofauti.

Hata hivyo, mlango wa kuingilia si mmoja. Binamu aliye Uganda hutarajia kukutana na karatasi ya mtihani yenye maswali ya maarifa ya jumla, lugha na hesabu. Yule wa Kenya hupimwa zaidi mbio, afya, meno na vyeti. Kosa la kuchanganya taratibu hizi, au kuchanganya majibu ya nchi moja na ya nchi nyingine, limewagharimu wengi nafasi. Makala haya yanaeleza namna usaili unavyokwenda kila upande, mambo yanayoulizwa mara kwa mara, na njia ya kujiandaa bila ya kutoa hata senti.

Mji mmoja, taratibu mbili

Nchini Uganda, anayeingia polisi kwa ngazi ya chini huitwa konstebo wa majaribio. Matangazo ya miaka ya karibuni yamekuwa yakitaka mwombaji awe raia wa Uganda, awe amefikisha miaka 18 na hajavuka umri uliowekwa kwenye tangazo, awe na cheti cha kidato cha nne chenye ufaulu katika Kiingereza na Hesabu, awe na kitambulisho cha taifa, na asiwe amewahi kutiwa hatiani kwa kosa la jinai. Huhitajika pia barua ya utambulisho kutoka kwa viongozi wa mahali anapoishi, kuanzia mwenyekiti wa kijiji, yaani LC1. Baada ya majina kuchujwa huja mazoezi ya mwili, mtihani wa kuandika, usaili wa ana kwa ana, uchunguzi wa afya na uhakiki wa alama za vidole. Wanaofaulu hupelekwa kwenye mafunzo, na shule inayojulikana zaidi ni ile ya Kabalye, wilayani Masindi.

Nchini Kenya, zoezi hufanyika kwa siku moja katika vituo vya kaunti ndogo. Sharti la elimu ambalo limezoeleka ni alama ya wastani ya D+ katika mtihani wa kidato cha nne, pamoja na D+ katika Kiingereza au Kiswahili. Umri ni kati ya miaka 18 na 28. Hapo hakuna karatasi ya mtihani inayogawiwa uwanjani: kijana hukimbia, hupimwa kimo, hukaguliwa meno na mwili, kisha vyeti vyake huchunguzwa. Ndivyo ilivyokuwa Novemba 2025, Kenya ilipoajiri makonstebo 10,000 baada ya zoezi hilo kucheleweshwa na mvutano wa mahakamani kuhusu nani mwenye mamlaka ya kuajiri. Waliochaguliwa hupelekwa kwenye vyuo, na maarufu zaidi kati ya hivyo ni Kiganjo, katika Kaunti ya Nyeri.

Kijana wa Kenya asidhani, kwa hivyo, kwamba maarifa ya jumla hayamhusu. Akiisha kuingia chuoni hufundishwa katiba, sheria ya jinai na taratibu za ushahidi, na kila cheo anachokitamani baadaye kina mitihani yake.

Swali la kwanza halimo kwenye karatasi

Kabla ya swali lolote la historia au hesabu, mwombaji wa mpakani hukabiliwa na swali la uraia. Kwa mkazi wa Masindi au Nyeri ni jambo la kuonyesha kitambulisho tu. Kwa mkazi wa Busia au Malaba, ambaye huenda mama yake alizaliwa ng'ambo ya pili na shule ya msingi aliisomea upande wa jirani, jambo hilo hudai maelezo.

Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, katika kifungu cha 10, inamtambua kuwa raia wa kuzaliwa mtu aliyezaliwa Uganda ambaye mmoja wa wazazi au mababu zake alitoka katika jamii za asili zilizokuwa zikiishi ndani ya mipaka ya nchi hiyo tarehe 1 Februari 1926. Jamii hizo, ambazo sasa ni 65, zimeorodheshwa mwishoni mwa katiba, na miongoni mwao wamo Wateso, Jopadhola, Wasamia, Wanyole na Wagwe. Mwaka huo wa 1926 haukuchaguliwa kwa bahati: ndipo Jimbo la Rudolf, lililokuwa la Uganda, lilipohamishiwa Kenya na mpaka wa nchi hizi mbili kupata umbo lake la sasa. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kwa upande wake, inatazama mzazi: kifungu cha 14 kinasema mtu ni raia kwa kuzaliwa iwapo baba au mama yake ni raia, awe amezaliwa ndani ya Kenya au nje.

Nchi zote mbili zinaruhusu uraia pacha, lakini kwa taratibu. Kenya inamtaka mwenye uraia mwingine autangaze, na Uganda ina utaratibu wake wa maombi na orodha ya vyeo ambavyo mwenye uraia pacha haruhusiwi kuvishika, kikiwemo cha Mkuu wa Jeshi la Polisi. Jambo lisiloruhusiwa kabisa ni kuwa na vitambulisho viwili kwa siri na kutoa kila kimoja kulingana na uwanja ulio na nafasi nyingi. Zamani hila hiyo iliweza kupita. Leo alama za vidole zinachukuliwa na kulinganishwa, na aliyedanganya hupoteza kazi ya pande zote mbili. Njia ya mwongo ni fupi.

Mfano mwema wa familia yenye miguu pande mbili haupo mbali. Moody Awori, mwanasiasa wa Funyula, alikuwa Makamu wa Rais wa Kenya kuanzia mwaka 2003 hadi mwanzoni mwa mwaka 2008. Ndugu yake, Aggrey Awori, alikuwa mbunge wa Samia Bugwe nchini Uganda, akagombea urais wa nchi hiyo mwaka 2001 na baadaye akawa waziri. Kila mmoja aliitumikia nchi yake waziwazi, na hakuna aliyelazimika kuuficha ukoo wake.

Kwa nini askari aulizwe maarifa ya jumla?

Wako wanaouliza: mkimbizi wa wezi anahitaji nini kujua jina la mlima au mwaka wa uhuru? Jibu ni kwamba mtihani wa namna hii haupimi kumbukumbu peke yake. Unapima kama mwombaji anaweza kusoma maagizo na kuyafuata, kupanga mambo kwa mfululizo, kukadiria idadi, na kuandika sentensi inayoeleweka. Askari aliye zamu ndiye anayeandika maelezo ya mlalamikaji. Akikosea saa, mahali au jina la mto, kesi inaweza kuanguka mahakamani, na aliyeibiwa au kupigwa ndiye anayebaki bila haki.

Uzito huo unaonekana zaidi mpakani, ambako malori hupita mchana na usiku. Kituo cha pamoja cha mpakani cha Busia kilizinduliwa rasmi na Rais Uhuru Kenyatta na Rais Yoweri Museveni mwezi Februari 2018, ili msafiri asimame mara moja tu badala ya mbili. Hapo polisi hufanya kazi pamoja na maafisa wa forodha na uhamiaji wa nchi mbili. Askari asiyejua mamlaka yake yanaishia wapi anaweza kumkamata mtu katika ardhi isiyokuwa yake.

Katiba na sheria: pale majibu yanapotofautiana

Eneo hili ndilo lenye mitego mingi kwa wanaoishi mpakani, kwa sababu wanasikiliza redio za pande zote mbili na kusoma vitabu vya pande zote mbili. Tazama maswali haya.

Mtuhumiwa akikamatwa, afikishwe mahakamani ndani ya muda gani? Nchini Uganda, kifungu cha 23 cha katiba kinasema isizidi saa 48. Nchini Kenya, kifungu cha 49 kinataka afikishwe haraka iwezekanavyo, isizidi saa 24, na ikiwa saa hizo zinaishia nje ya muda wa kazi wa mahakama au siku isiyo ya kazi, basi ifikapo mwisho wa siku ya mahakama inayofuata. Kijana wa Tororo anayejibu saa 24 amejibu sawasawa, ila kwa nchi ya jirani.

Kazi za polisi zimetajwa wapi? Uganda ni kifungu cha 212: kulinda maisha na mali, kudumisha sheria na utulivu, kuzuia na kugundua uhalifu, na kushirikiana na mamlaka za kiraia, vyombo vingine vya usalama na wananchi kwa jumla. Kifungu kinachotangulia, cha 211, kinasema polisi wawe wazalendo, wenye weledi, nidhamu na uwezo, na wawe raia wenye mwenendo mwema. Nchini Kenya, kifungu cha 243 kinaanzisha Huduma ya Taifa ya Polisi yenye sehemu mbili, Polisi wa Kenya na Polisi wa Utawala, na kifungu cha 244 kinaeleza malengo yake, yakiwemo kuzuia rushwa na kuheshimu haki za binadamu.

Nani anamteua mkuu wa polisi? Katika nchi zote mbili ni Rais, kwa idhini ya Bunge. Tofauti ni kwamba katiba ya Kenya imeweka kipindi kimoja tu cha miaka minne kwa Inspekta Jenerali.

Mihimili ya dola ni mingapi? Ni mitatu: Bunge, Serikali na Mahakama. Polisi wamo upande wa Serikali. Wanaojibu kwamba polisi ni sehemu ya Mahakama kwa kuwa wanapeleka watu kortini hupoteza alama hapo.

Historia: miaka inayofanana na majina yanayochanganywa

Uganda ilipata uhuru tarehe 9 Oktoba 1962, na Kenya tarehe 12 Desemba 1963. Waziri Mkuu wa Uganda wakati wa uhuru alikuwa Milton Obote. Rais wa kwanza, hata hivyo, alikuwa Kabaka Mutesa wa Pili, aliyeshika wadhifa huo mwaka 1963. Swali la nani alikuwa rais wa kwanza wa Uganda limewakosesha wengi alama, kwa sababu jina la Obote ndilo linalokuja haraka mdomoni. Kwa upande wa Kenya, Jomo Kenyatta alikuwa Waziri Mkuu mwaka 1963 na akawa Rais nchi ilipokuwa jamhuri, tarehe 12 Desemba 1964.

Historia ya mpaka wenyewe nayo ni chimbuko la maswali. Hadi mwaka 1902, himaya ya Uganda ilienea mashariki hadi Naivasha. Tarehe 1 Aprili mwaka huo, Waingereza walilihamisha Jimbo la Mashariki la Uganda na kulitia katika himaya ya Afrika Mashariki, nchi iliyokuja kuitwa Kenya. Ndiyo maana reli iliyoanzwa kujengwa Mombasa mwaka 1896 iliitwa Reli ya Uganda ingawa mwisho wake ulikuwa Kisumu: ilipofika huko mwaka 1901, Kisumu ilikuwa bado ndani ya Uganda. Njia iliyopita Tororo na kuendelea hadi Kampala ilikamilika baadaye, mwaka 1931.

Kuhusu polisi wenyewe, jeshi la polisi la Uganda linahesabu kuanzishwa kwake kuwa mwaka 1906, enzi ya ukoloni. Mwafrika wa kwanza kuliongoza alikuwa Erinayo Oryema, aliyeteuliwa mwaka 1964. Jina lake linahusiana na Tororo kwa namna ya kusikitisha. Mwezi Februari 1977, wakati wa utawala wa Idi Amin, Oryema aliuawa pamoja na Askofu Mkuu Janani Luwum na Charles Oboth Ofumbi, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani na mwana wa Padhola, Tororo. Tarehe 16 Februari ni sikukuu ya kitaifa ya kumkumbuka Luwum. Mwombaji anayejua sababu ya siku hiyo anajua pia jambo kubwa zaidi: kwamba mkuu wa polisi wa zamani na waziri aliyekuwa na dhamana ya usalama wa ndani waliuawa na dola waliyoitumikia, mara sheria ilipowekwa kando.

Jiografia na Jumuiya ya Afrika Mashariki

Uganda inapakana na nchi tano: Kenya, Sudan Kusini, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Rwanda na Tanzania. Kenya nayo inapakana na nchi tano: Uganda, Tanzania, Somalia, Ethiopia na Sudan Kusini, pamoja na Bahari ya Hindi. Kilele kirefu kuliko vyote Uganda ni Margherita katika milima ya Rwenzori, chenye mita 5,109. Mlima Elgon, unaoonekana kutoka Tororo siku ya hewa safi, uko pande zote mbili za mpaka, na kilele chake cha Wagagai, chenye mita 4,321, kiko Uganda. Ziwa Victoria linamilikiwa na nchi tatu, na mto Nile unatoka ziwani humo mjini Jinja.

Maswali ya wilaya hayakosi. Wilaya ya Busia nchini Uganda ilikatwa kutoka Tororo mwaka 1997. Tororo inajulikana kwa mwamba wake mkubwa unaosimama juu ya mji, kwa kiwanda cha saruji kilichoanza katika miaka ya 1950, na kwa madini ya fosfati katika vilima vya Sukulu. Upande wa Kenya, Kaunti ya Busia ni ya 40 katika orodha ya kaunti 47, na inahusisha Teso Kaskazini, Teso Kusini, Nambale, Matayos, Butula, Samia na Bunyala.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza ilianzishwa mwaka 1967 na ikavunjika mwaka 1977. Mkataba wa jumuiya ya sasa ulitiwa saini tarehe 30 Novemba 1999 na kuanza kutumika Julai 2000. Makao makuu yake ni Arusha, Tanzania. Rwanda na Burundi zilijiunga mwaka 2007, Sudan Kusini mwaka 2016, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo mwaka 2022, na Somalia ilikamilisha uanachama mwaka 2024. Hivyo wanachama sasa ni wanane. Mwanafunzi anayetumia kitabu cha zamani atajibu watano au sita, na atakuwa amekosea kwa kuwa tu hakusikiliza habari.

Hesabu, na mtego wa saa

Sehemu ya hesabu huwa haizidi kiwango cha shule ya sekondari, lakini muda ni mfupi. Chukua mfululizo huu: 3, 6, 11, 18, 27. Namba gani inafuata? Tazama tofauti kati ya namba na namba: 3, 5, 7, 9. Tofauti inaongezeka kwa 2 kila mara, kwa hiyo inayofuata ni 11, na 27 ukijumlisha 11 unapata 38.

Au swali hili: mfanyabiashara amekamatwa na kilo 250 za mahindi, na asilimia 12 zimeharibika kwa mvua. Ni kilo ngapi zimebaki nzima? Asilimia 12 ya 250 ni 30, basi zimebaki kilo 220. Wengi huandika 30 na kuweka kalamu chini, kwa sababu hawakusoma swali hadi mwisho.

Lipo kosa moja linalowahusu hasa wanaozungumza Kiswahili, nalo ni la saa. Mswahili huhesabu saa kuanzia macheo na machweo. Polisi huandika saa kwa mfumo wa saa 24. Swali linaweza kusema: doria ilianza 21:45 na kumalizika 05:20, je, ilichukua muda gani? Kwa Kiswahili, 21:45 ni saa tatu na dakika 45 usiku, na 05:20 ni saa kumi na moja na dakika 20 alfajiri. Kutoka 21:45 hadi usiku wa manane ni saa 2 na dakika 15. Ukiongeza saa 5 na dakika 20 unapata saa 7 na dakika 35. Kanuni ni nyepesi: hesabu ndani ya mfumo mmoja tangu mwanzo hadi mwisho, usianze na saa ya Kiswahili ukamalizia na ya karatasi. Askari anayesikia shahidi akisema saa tatu usiku, kisha akaandika 03:00, ameusogeza uhalifu kwa saa sita.

Kiswahili: mzigo au silaha?

Mtihani wa Uganda huandikwa kwa Kiingereza, na jambo hilo huwatia hofu vijana waliokulia katika nyumba na masoko ya Kiswahili. Hata hivyo, lugha hiyo si mgeni katika kazi hii. Tangu enzi ya King's African Rifles, Kiswahili kimekuwa lugha ya kambini, na hata neno afande, ambalo askari wa nchi zote mbili humwitia mkubwa wake, lina asili ya Kituruki na lilizoeleka Afrika Mashariki kupitia askari. Kwa muda mrefu baadhi ya Waganda walikiogopa Kiswahili kwa kukihusisha na bunduki na misako ya usiku. Sheria nayo imekwenda polepole. Marekebisho ya katiba ya mwaka 2005 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, na mwezi Julai 2022 baraza la mawaziri likaidhinisha hatua ya kukitumia kama lugha rasmi kulingana na agizo la Jumuiya.

Kwa mkazi wa Busia na Tororo, maana yake ni kwamba Kiswahili kinaweza kumfaa katika usaili wa ana kwa ana na zaidi sana kazini, ambako atakutana na madereva wa malori kutoka Mombasa hadi Kongo. Lakini kwenye karatasi, Kiingereza ndicho kitakachompa alama. Zoezi linalosaidia ni kusikiliza habari kwa Kiswahili, kisha kuandika muhtasari wake kwa sentensi tano za Kiingereza. Mwanafunzi hupata habari na lugha kwa wakati mmoja.

Karatasi zinazouzwa

Pamoja na tangazo huja matapeli. Huyu anadai ana maswali ya kesho, yule anadai ni jamaa wa ofisa mkubwa, na wa tatu anauza fomu. Polisi wa Uganda na wa Kenya wametangaza mara kwa mara kwamba ajira hailipiwi. Zaidi ya hayo, sheria ya kupambana na rushwa ya Uganda ya mwaka 2009 na ile ya hongo ya Kenya ya mwaka 2016 zinamtia hatiani anayetoa sawa na anayepokea. Familia inayouza ng'ombe ili kununua nafasi inaweza kupoteza ng'ombe, nafasi, na mtoto kuwa na kosa la jinai ambalo litamfungia milango yote ya utumishi.

Ukubwa wa tatizo hili unaonekana vyema nchini India, ambako mitihani ya kuajiri makonstebo huhusisha umati mkubwa. Mwezi Februari 2024, katika jimbo la Uttar Pradesh, mtihani ulifanyika baada ya watu takriban milioni 4.8 kuomba nafasi 60,244. Maswali yalivuja, serikali ya jimbo ikaufuta mtihani mzima, na watahiniwa wakaitwa upya mwezi Agosti. Walionunua karatasi walipoteza fedha zao, na waliosoma kwa haki walipoteza nusu mwaka.

Namna ya kujiandaa

Anayetaka kujiandaa hahitaji darasa la kulipia. Katiba ya nchi yake inapatikana, na sura za uraia, haki za binadamu na usalama si ndefu. Kurasa mbili kwa siku, akiandika pembeni maswali yake mwenyewe na majibu, zinatosha kuimaliza sehemu hiyo ndani ya mwezi. Karatasi za zamani za hesabu za kidato cha nne ni zoezi zuri kuliko karatasi yoyote inayouzwa uchochoroni, mradi zifanywe kwa kupima muda. Vijana watatu au wanne wakikutana jioni, mmoja awe msaili na wengine wajibu kwa sauti, watazoea kusimama wima na kueleza jambo bila kigugumizi.

Daftari liwe na kurasa mbili zinazotazamana, ya kushoto Uganda na ya kulia Kenya. Kila jambo liandikwe pande zote mbili: uhuru, bendera, katiba, saa za mahabusu, mkuu wa polisi. Uganda ina nyeusi, njano na nyekundu, na korongo mwenye taji katikati. Kenya ina nyeusi, nyekundu na kijani zilizotengwa kwa mistari myeupe, na ngao na mikuki katikati. Mkazi wa mpakani anayeziona nchi mbili zikiwa zimepangwa bega kwa bega namna hiyo hazichanganyi tena.

Nyaraka nazo ziandaliwe mapema. Jina lililo kwenye cheti cha kuzaliwa, cheti cha shule na kitambulisho liwe moja, kwa herufi zilezile. Tofauti ya herufi moja hurekebishwa kwa wiki kadhaa, na tangazo la ajira halisubiri.

Mwisho wa yote, wengi watakaosimama uwanjani hawatachukuliwa, kwa kuwa nafasi daima ni chache kuliko waombaji. Aliyesoma, hata hivyo, harudi mikono mitupu. Kijana wa Malaba ambaye sasa anajua kwamba mtuhumiwa hapaswi kukaa mahabusu zaidi ya saa 48 upande mmoja na 24 upande wa pili, anayo elimu ya kumtetea jirani yake usiku atakapokamatwa, hata kama sare hakuivaa yeye.